Miche Iliyokufa Katikati ya Kiwanja, na Iliyopona Kando ya Mitunduru

Shamba hili ni la kijiji, wilayani Chamwino, ekari tatu hivi kando ya barabara ya vumbi. Zamani lilikuwa kichaka cha kawaida cha Ugogo: mitunduru iliyofungamana, mikole, mikambala, na migunga miwili mitatu iliyochomoza juu ya vingine vyote. Kisha ikaja kazi ya barabara. Mkandarasi akaruhusiwa kuchimba kifusi. Greda likaparua udongo wa juu, likausukuma pamoja na visiki hadi mpakani, malori yakabeba kifusi, na kikabaki kiwanja chekundu, kigumu, kitupu. Serikali ya kijiji ilipotafuta mahali pa kupanda miti, hapo ndipo palipoonekana kufaa kuliko pote. Palikuwa pamekwisha kusafishwa, hakuna wa kupagombea, na mashimo yangepangika kwa mistari iliyonyooka.

Januari, mvua zilipokolea, wakapanda mwarobaini, mjohoro, mkwaju na mgunga. Kazi ilifanywa vizuri, na nalisema hili mapema kwa sababu miti ikifa lawama huwaangukia waliopanda. Mashimo yalikuwa na kina cha kutosha, samadi iliwekwa, viriba vilichanwa na kuondolewa, na kiangazi kilipoingia akina mama walipokezana kumwagilia kwa madumu. Hata hivyo, kiangazi kilipokaribia kwisha, sehemu kubwa ya miche ya katikati ilikuwa imekauka, na michache iliyobaki hai humo ilikuwa na kimo kilekile cha siku ya kupandwa. Nikaombwa nikatazame, kwa kuwa kazi yangu ni ushauri wa vitalu na upandaji miti mkoani humu.

Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Ofisini walisema mbuzi. Akina mama walisema mchwa. Aliyeotesha miche alisema ni ukame, na kwa Dodoma hilo ni jibu ambalo halina mpinzani: mvua zetu ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mtu aliyewaondoa mbuzi na mchwa kwenye kesi hii ni mzee mlinzi wa shamba, tena kwa maneno machache tu tulipokuwa tukizunguka mpaka.

“Mbuzi huanzia pembeni, mwanangu,” aliniambia. “Hii iliyokufa ni ya katikati. Ya pembeni ndiyo iliyoshamiri.”

“Na mchwa, mzee?”

“Mchwa makao yao ni pale kwenye kichuguu. Sasa itazame miti ya pale.”

Nikaitazama. Karibu na katikati ya kiwanja greda lilikuwa limekikwepa kichuguu kikubwa, likaacha kisiwa kidogo cha mitunduru na mikole, upana wake kama wa nyumba ya vyumba viwili. Miche iliyopandwa kukizunguka kisiwa hicho ilikuwa imepita kiuno. Mistari miwili mitatu kutoka hapo, miche ya kitalu kilekile, iliyopandwa siku ileile na kumwagiliwa madumu yaleyale, ilikuwa vijiti. Kwenye mipaka yote ya kiwanja, ambako kichaka cha asili bado kimesimama, hali ilikuwa hivyohivyo: miche mizuri kandokando, kisha inadhoofika kadiri unavyosogea ndani.

Ukame haufuati mpaka wa namna hiyo. Mvua ilinyesha kiwanja kizima. Kama kuna kitu kinachofuata mpaka huo, ni mizizi hai.

Lakini mtu makini atasema, na atakuwa na haki, kwamba kandokando ya kichaka kuna mambo mengine pia. Kuna kivuli. Kuna majani yanayooza. Udongo wa juu haukuparuliwa, kwa hiyo una rutuba zaidi, na udongo wa kichuguu wenyewe kwa kawaida una virutubisho vingi kuliko ulioko jirani. Nimeona watu wengi waliojifunza juzi habari za kuvu wa mizizi wakiruka hatua hii, wakatangaza kwamba kila mti ulionawiri umesaidiwa na kuvu. Hapa ilibidi tutenganishe.

Kwanza nieleze tulichokuwa tunakishuku. Mimea mingi ya nchi kavu haifyonzi chakula chake peke yake. Ndani ya vijizizi vyake vyembamba wanaishi kuvu ambao hawaoti uyoga juu ya ardhi na hawaonekani kwa macho. Ushirika huo wataalamu wanauita mikoriza. Kuvu hutoa nyuzi zinazotoka nje ya mzizi na kutambaa udongoni sentimita kadhaa, na uzi mmoja una unene wa mikromita 2 hadi 10 tu, kwa hiyo hupenya kwenye vitundu ambavyo mzizi hauwezi kuingia. Zinacholeta kwa wingi ni fosforasi. Mti nao huwalipa kwa sukari na mafuta, na makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni yote ambayo majani yameitengeneza. Ni gharama kubwa kwa mche wenye majani sita. Mche haungekubali kuilipa kama kuna njia ya bei nafuu zaidi.

Na kwenye udongo wetu mwekundu njia hiyo haipo. Fosforasi hushikwa na chembe za oksidi za chuma, zilezile zinazoupa udongo rangi yake, na ile kidogo inayobaki huru husogea taratibu mno. Mzizi ukishakula fosforasi iliyo milimita moja au mbili kuuzunguka, umebaki kwenye eneo tupu, ukingoja. Udongo unapokauka mambo huwa mabaya zaidi, maana fosforasi husafiri ndani ya utando wa maji uliozunguka chembe za udongo, na utando ukikatika safari nayo inakatika. Kwa hiyo mche unaweza kumwagiliwa kila jioni kwenye shimo lake na bado ukafa njaa. Wapo wanaosema kuvu “huleta maji” kwa mti. Kiasi fulani huenda kweli, lakini kwa ninavyoelewa ushahidi uliopo, faida kubwa ni chakula: mche uliolishwa unakuza mizizi mirefu, na mizizi mirefu ndiyo inayoyafikia maji. Utafiti wa Senegal uliwakuta kuvu hawa kwenye mizizi ya mgunga wa aina ya Faidherbia albida hadi kina cha mita 34.

Jambo lililoamua kisa chetu ni hili: kuvu wa kundi hili hawawezi kuishi bila mzizi hai. Hata mafuta ya mwilini mwao hawajitengenezei, wanayapata kwa mmea. Hilo lilithibitishwa mwaka 2017. Mbegu zao ndogo, yaani spora, zinaweza kulala udongoni na kuota mvua zikija, lakini zikiota pasipo na mzizi wa karibu husimama baada ya muda mfupi. Nao wengi hukaa kwenye udongo wa juu, uleule ambao greda liliuondoa. Kiwanja kile kilipoteza udongo huo na mizizi kwa mpigo mmoja, kisha kikakaa kitupu misimu kadhaa chini ya jua. Miche nayo ilikuja mitupu vilevile. Nilipouliza kitaluni, mchanganyiko wa viriba ulikuwa mchanga wa korongoni na samadi, bila udongo wa kichakani, kwa sababu mwoteshaji aliogopa magonjwa.

Basi tukafanya jaribio la ndoo. Tulichagua mtama, maana unaota haraka na ukikosa fosforasi hausitiri njaa yake: majani na shina hugeuka zambarau. Tukajaza ndoo ndogo zilizotobolewa matundu chini. Kundi la kwanza, udongo wa katikati ya kiwanja. La pili, udongo wa chini ya mitunduru ya mpakani, mbali na kichuguu chochote. La tatu, udongo huohuo wa mitunduru lakini uliopashwa moto kwa mvuke ndani ya pipa kwa saa kadhaa, ili kuwaua kuvu. La nne, udongo wa katikati uliochanganywa na viganja viwili vya udongo wa mitunduru. La tano, udongo wa katikati na viganja viwili vya ule uliopashwa moto. Hili la tano watu hulisahau, nalo ndilo linalozuia ubishi, kwa sababu viganja viwili vya udongo mzuri vina chakula ndani yake hata kama hakuna kuvu.

Majuma mawili ya kwanza mtama wote ulifanana, kwa sababu ulikuwa ukila akiba iliyomo kwenye mbegu. Kisha ukaachana. Ndoo za katikati ziligeuka zambarau, zikasimama. Ndoo za mitunduru zilikwenda mbele. Ndoo za udongo uliopashwa moto zilianza kwa kasi, na hilo lilitarajiwa, maana joto hufungua virutubisho vilivyokuwa vimeshikwa. Halafu zikapungua nguvu na rangi ya zambarau ikatokea. Zile za viganja viwili vya udongo hai zilichelewa, zikainuka baadaye, ingawa hazikuzifikia za mitunduru. Na zile za viganja vya udongo uliokufa hazikuwa na tofauti na za katikati.

Tuliong’oa mtama ili kuitazama mizizi yenyewe. Njia ni rahisi na inawezekana kwenye maabara ya sekondari yoyote yenye hadubini. Vijizizi vyembamba kabisa huoshwa, huchemshwa ndani ya hidroksidi ya potasiamu hadi viwe vyeupe na kupitisha mwanga (kwa glovu na miwani, maana dawa hiyo inaunguza), vikasuuzwa, kisha vikachemshwa kidogo ndani ya siki iliyotiwa wino wa kalamu. Wino hushika kuvu na kuuacha mzizi karibu bila rangi. Kwenye mtama wa mitunduru uliona nyuzi za buluu zikipita kati ya seli kwa urefu wa mzizi, na hapa na pale vifuko vya mviringo, ghala za mafuta za kuvu. Ukikuza zaidi, ndani ya baadhi ya seli uzi mmoja unaingia, unagawanyika mara mbili, kila tawi mara mbili tena, mpaka seli nzima imejaa vitawi visivyohesabika. Hapo ndipo fosforasi inakokabidhiwa. Kiungo hicho huishi siku chache tu, mmea hukiyeyusha, na kingine hujengwa seli ya jirani. Mwalimu wa biolojia aliyetufungulia maabara alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko sisi sote. Kisha tukaweka kijizizi cha ndoo ya katikati: seli safi, zilizopangika, wala hakuna uzi hata mmoja.

Kijijini lilizuka pendekezo ambalo nilipinga, na sababu zake zinastahili kuelezwa. Kijana mmoja aliyefanya kazi upande wa Manyoni alisema twende tukalete udongo mweusi wa miombo, kule uyoga unakoota kwa wingi masika. Hoja yake ilikuwa na mantiki: uyoga ni kuvu, basi mwenye uyoga mwingi ana kuvu wengi. Lakini miombo ni nchi nyingine chini ya ardhi. Msweden Peter Högberg, aliyechunguza mizizi ya miti na vichaka vya Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982, alionyesha kwamba miti mikuu ya miombo, jamii za Brachystegia na Julbernardia, hushirikiana na kuvu wa kundi jingine kabisa, wale wanaouvika ncha ya mzizi kwa nje bila kuingia ndani ya seli. Uyoga mwingi ule wa masika ni wao. Mwarobaini, mkwaju, mgunga na mtunduru hushirikiana na hawa wa ndani wasiootesha uyoga. Kusafirisha udongo wa miombo hadi Chamwino kungekuwa gharama ya lori, na uharibifu wa msitu wa watu, kwa ajili ya kuvu ambao wengi wao miche yetu haina kazi nao. Kinyume chake nacho kimewahi kutokea: misonobari, ambayo huwategemea kuvu hao wa nje, ilipopelekwa Puerto Rico ilishindikana kwa miongo mingi hadi mwaka 1955 ulipoletwa udongo wenye kuvu wake kutoka Marekani bara. Kila mti na jamaa zake.

Pendekezo la pili lilikuwa lundo. Udongo wa juu ambao greda liliusukuma ulikuwa bado upo mpakani, na wengi waliona dawa ni kuurudisha tu. Nusu yake ni kweli. Udongo uliolundikwa juu kwa muda mrefu hupoteza kuvu wake ndani kwa ndani, kwa sababu hakuna mizizi. Ngozi ya nje ya lundo, ambako mitunduru ilikuwa imeshachipua na nyasi zimeshika, ilikuwa hai. Tukakubaliana kutumia ya nje kama mbegu ya kuvu, na ya ndani kama rutuba ya kawaida.

Ya tatu ilikuwa mbolea ya chumvichumvi. Afisa mmoja alishauri TSP, yaani mbolea ya fosforasi inayoyeyuka haraka, kila shimo. Kwa mtama wa msimu mmoja ningemwelewa. Kwa mti wa kuishi miaka hamsini, fosforasi nyingi ya ghafla huufanya mzizi uwafungie kuvu mlango, na mbolea ikiisha mche umebaki bila chakula na bila washirika. Kama ni lazima kuweka, nilisema, iwe kidogo na ya kuyeyuka taratibu.

Msimu wa pili hatukupanda kwa mistari. Tulianza kwenye mipaka na kwenye kile kisiwa, tukasogea nje kwa pete, mche usiwe mbali na mzizi hai. Kila shimo lilipata viganja viwili vya udongo wa chini ya mitunduru ya hapohapo shambani, uliochotwa kidogokidogo sehemu nyingi ili kichaka kisiumizwe, na kamwe si kutoka kwenye bustani za nyanya, ambako tungebeba minyoo fundo, wale wanaoivimbisha mizizi, pamoja na kuvu. Visiki vilivyokuwa vinachipua mpakani viliachwa na kupogolewa, vikabaki na machipukizi yenye nguvu, kama wanavyofanya wakulima wengi wa Dodoma chini ya mpango wa Kisiki Hai. Faida ya kisiki inayosemwa zaidi ni kwamba kina mizizi mirefu tayari. Mimi naongeza kwamba mizizi hiyo ina wapangaji wake, na mche wa jirani hupata kuvu kutoka hapo bila kungoja. Sihitaji kuamini simulizi kwamba miti hupeana chakula na habari chini ya ardhi. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana, na mapitio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mengi ya hayo yamesemwa kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kwa shamba letu inatosha kwamba mzizi hai ni chanzo cha kuvu.

Katikati ya miche tulipanda kunde. Wengine walitaka mtama, na kwa kuvu mtama ungefaa, lakini kuna kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali mizizini za kuwaita kuvu, jambo lililogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 2005. Mbegu ya kiduha nayo husikia mwito huohuo, ikaota na kujishikiza kwenye mzizi wa mtama. Mtama kwenye udongo uliokosa kuvu na fosforasi ndio unaoita kwa nguvu zaidi. Kunde nazo huamsha kiduha, lakini hiki cha kwetu hakiwezi kuzinyonya, kwa hiyo kikiota kinakufa. Na wakati huohuo kunde hulisha kuvu vizuri. Akina mama walikuwa na mazoea ya kupanda mchicha kwenye visahani vya miche ili maji ya kumwagilia yafanye kazi mbili. Wazo zuri kwa mboga, ila mchicha kwa kawaida haushirikiani na kuvu hawa, wala kabeji, wala sukuma wiki. Tukakubaliana visahani vya pembezoni viwe vya mchicha, vya ndani viwe vya kunde, na majani ya kunde nayo ni mboga.

Kiangazi kilichofuata pete za ndani zilikuwa zimesimama. Katikati kabisa, ambako pete hazijafika, hatujapanda mti, na hapo ndipo ubishi ulipobaki. Baadhi ya viongozi wanataka kiwanja kijazwe mara moja kwa mistari, kwa sababu wageni wakija kukagua wanahesabu mistari. Nimewaomba wangoje: wapande kunde na nyasi za asili hapo kwanza, na miti ifuate mizizi inapofika.

Kuna machimbo mengine ya kifusi yatakayofunguliwa jirani, maana Dodoma inajengwa na haitaacha kujengwa. Kwa ajili hiyo kijiji kinajadili sheria ndogo yenye vifungu vitatu: greda liache visiwa vya kichaka kila baada ya umbali fulani, udongo wa juu uwekwe kwa matuta ya chini badala ya lundo moja refu, na mkandarasi aurudishe kabla mvua za msimu huohuo hazijaanza. Mzee mlinzi ameomba kifungu cha nne, kwamba atakayechagua visiwa hivyo awe mtu anayekijua kichaka, si dereva wa greda. Nimekiandika kwenye rasimu kama alivyokisema.